Shekhar Mehta: shofere aliyeshinda Safari mara tano, kisha akapewa kazi ya kuweka sheria

Safari Rally ya Kenya inapofika, vijana wengi wa hapa Uvira wanaifuatilia kwenye simu. Wanamjua Ogier, wanamjua Rovanperä, wanajua Toyota ipi imepasuka pine kule Naivasha. Lakini ukiwauliza juu ya Shekhar Mehta, wachache sana wanaweza kukujibu. Na huyu si mtu wa mbali. Alizaliwa Kampala, akafukuzwa Kampala, akapata jina lake kwenye balabala za vumbi na matope zilizo sawa kabisa na zetu. Tena ndiye aliyekuja kukaa kwenye meza ya Ulaya ambako swali gumu la mchezo huu linaamuliwa: gari liachiwe kwenda mbio kiasi gani, na watu walindwe kiasi gani.

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 1945. Uganda wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza. Familia yake ilikuwa ya asili ya Kihindi, watu wenye mali, wenye mashamba makubwa na biashara. Kijana wa nyumba kama ile angeweza kukaa ofisini na kuhesabu magunia. Yeye alipofika miaka 21 akaingia kwenye mashindano ya magari, na gari lake la kwanza la mashindano lilikuwa BMW. Tuseme ukweli, mchezo huu haujawahi kuwa wa maskini, na Mehta hakuanza akiwa maskini. Kilichomtofautisha na watoto wengine wa matajiri kilionekana baadaye.

Ili umwelewe, lazima kwanza uielewe Safari yenyewe vile ilivyokuwa zamani, kwa sababu ile ya leo ni kitu kingine.

Safari ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia Elizabeth wa Uingereza. Magari yalikuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kawaida wakati wa Pasaka. Wakati huo wa Pasaka ni masika. Asubuhi mnakula vumbi, jioni balabala imegeuka mto. Njia yote ilikuwa inaweza kufika kilomita 5,000, mchana na usiku. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu. Mwaka 1968 tena, yakamaliza 7. Mengine yote yalibaki porini, mengine kwenye matope, mengine kwenye mitaro, mengine yamevunjika chini.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Balabala hazikufungwa. Kwenye rally ya Ulaya, kipande cha kushindana kinafungwa na polisi, halafu gari moja moja linapita peke yake. Kwenye Safari hapana. Shofere alikuwa anapewa fasi ya kutokea, fasi ya kufika, na dakika alizopangiwa. Ukichelewa dakika moja, unapata alama moja ya adhabu, na mwenye adhabu chache zaidi ndiye mshindi. Katikati ya hapo, balabala ni ya watu wote. Kuna lori la mbao, kuna basi limejaa abiria, kuna mama amebeba kuni, kuna ng'ombe, kuna punda, usiku kuna twiga. Na gari la mashindano linakuja kwa vitesi ambayo mwenye punda hawezi kuikadiria.

Sisi watu wa njia nambari 5 hatuhitaji kuchorewa picha. Tunaijua kutoka Kiliba mpaka Sange, Luvungi mpaka Kamanyola, na kusini kutoka Kalundu mpaka Makobola na Baraka. Tunajua motari anavyopita lori upande wa vumbi bila kuona mbele, akiwa na abiria wawili na kaske moja, nayo imening'inizwa kwenye usukani. Tofauti ni kwamba yeye hakuna anayempa kombe akifika.

Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili kwenye Safari. Gari lilikuwa Datsun 240Z, na aliyemshinda, Edgar Herrmann, alikuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 25 tu. Kila mtu wa mchezo aliona kwamba kijana huyu wa Kampala atashinda, ni suala la muda.

Halafu ikaja mwaka 1972. Mwezi wa 8 Idi Amin akatangaza kwamba watu wa asili ya Asia waondoke Uganda, na akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu wakaacha nyumba, maduka, mashamba na makaburi ya wazee wao. Familia ya Mehta ilikuwa ndani ya hesabu hiyo, nayo ikahamia Kenya. Hapa Uvira hakuna haja ya kueleza mengi. Familia ngapi zetu zimewahi kufunga mlango kwa haraka na kuvuka Kavimvira kwenda Burundi, au kupanda boti kwenda Kigoma, bila kujua kama ufunguo ule utafungua mlango tena? Mwenye mashamba na mwenye jembe moja, siku ya kukimbia wanabeba kilo zilezile.

Miezi michache baada ya hapo, Pasaka ya 1973, Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuanzia. Mwaka huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari iliingizwa kwenye ratiba hiyo. Mehta alikuwa tena na Datsun 240Z, na pembeni yake msaidizi wake Lofty Drews. Baada ya maelfu ya kilomita, yeye na Harry Källström wa Sweden, ambaye naye alikuwa na Datsun, walifika na alama za adhabu sawasawa. Siku zile zote, usiku ule wote, matope yale yote, halafu sare! Ikabidi kanuni ya kutenganisha sare itumike, nayo ikampa ushindi Mehta. Mtu ambaye mwaka uliotangulia alipoteza nchi, sasa alikuwa mshindi wa mashindano ya ubingwa wa dunia.

Miaka iliyofuata ilikuwa mikavu kwake. Joginder Singh, Mkenya ambaye alikwisha kushinda mwaka 1965, akashinda tena 1974 na 1976. Mehta alikuwa anashiriki, anavunjikiwa, anarudi. Kisha mwaka 1979 akaanza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amekifanya: alishinda 1979, akashinda 1980, akashinda 1981, akashinda 1982. Mara nne mfululizo, zote akiwa na Mike Doughty kama msaidizi, na zote kwa gari la jamii moja, Datsun Violet, ambalo sehemu nyingine waliliita 160J.

Gari hilo halikuwa la kutisha. Mwaka 1979 Mercedes walileta gari kubwa zenye mashine ya lita 5, na Hannu Mikkola, ambaye mwaka 1972 alikuwa amekuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, akawa wa pili nyuma ya Mehta. Mwaka 1980 na 1981 Rauno Aaltonen wa Finland alikuwa wa pili. Huyu mzee alijaribu Safari miaka na miaka, akafika wa pili mara nyingi, na hakuwahi kushinda hata mara moja. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwisho wa mwaka huohuo alikuwa bingwa wa dunia. Yaani Mehta hakuwa anawashinda watu wa kijijini. Alikuwa anawashinda wale wakubwa, kwa gari ambalo fundi yeyote wa Nairobi angeweza kulifungua.

Siri yake ilikuwa nini? Walioufuatilia mchezo huo wanakubaliana juu ya jambo moja: Mehta alijua wakati wa kupunguza. Kwenye Safari, shofere anayekwenda kasi kuliko wote siku ya kwanza, mara nyingi siku ya tatu yuko kwenye kivuli cha mti anasubiri kuvutwa. Mehta alikuwa anaihesabu balabala. Fasi yenye mawe, analilinda gari. Fasi yenye mto, anashuka na kuangalia. Anayeshinda ni yule ambaye gari lake bado linatembea. Kwa miaka mingi watu waliitazama hiyo kama akili ya mashindano tu. Mimi naona ilikuwa pia usalama, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Ugumu wa njia wenyewe ulikuwa unamlazimisha mtu awe na adabu.

Lakini adabu hiyo ilikuwa inaanza kupotea, na sababu yake ilikuwa pesa. Makampuni makubwa ya magari yaligundua kwamba kushinda Safari kunauza magari Afrika na kwingine. Wakaja na mafundi kwa makumi, na gari za kubeba vipuri. Wakaleta helikopta. Helikopta inaruka mbele ya gari la mashindano, inamwambia shofere kwa redio: mbele kuna lori, mbele kuna ng'ombe, mbele pako wazi, kanyaga. Kwa upande mmoja hiyo ilikuwa kinga. Mwenye ng'ombe alisikia kelele ya helikopta akajua aondoe mifugo. Kwa upande mwingine, shofere aliyeambiwa kwamba mbele pako wazi alikuwa anakwenda kwa kasi ambayo bila helikopta asingethubutu. Chombo kilicholetwa kwa ajili ya usalama kikawa chombo cha kuongeza mwendo. Tena kilikuwa cha wenye pesa. Shofere wa Nairobi aliyejilipia gari lake mwenyewe hakuwa na helikopta. Yeye alipiga honi, akawasha taa mchana, akamwomba Mungu.

Huo ndio moyo wa jambo. Kila kinga unayompa shofere, sehemu yake anaigeuza kuwa mwendo. Mpe freni nzuri, atachelewa kuzikanyaga. Mpe pine bora, ataingia kona kwa nguvu zaidi. Mtunga sheria akiongeza kinga bila kugusa mwendo, amefanya nusu ya kazi.

Ulaya ilijifunza hivyo kwa uchungu mwaka 1986. Magari ya kundi B yalikuwa na nguvu kupita kiasi, mengine zaidi ya farasi 450, na bodi nyepesi kama karatasi. Mwezi wa 3, kule Ureno, gari liliacha njia likaingia ndani ya watazamaji waliokuwa wamesimama hadi kwenye balabala yenyewe, na watu watatu wakafa. Mwezi wa 5, kwenye kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walianguka bondeni, gari likawaka moto, wote wawili wakafa. Haraka wakubwa wa mchezo wakaamua kwamba kutoka mwaka 1987 magari hayo hayatashiriki tena ubingwa wa dunia.

Lile la Ureno linatugusa sisi zaidi, kwa sababu waliokufa hawakuwa kwenye gari. Walikuja kutazama. Huku kwetu tunakumbuka Sange, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipoanguka na kuwaka moto, na zaidi ya watu 200 wakapotea. Wengi wao walikuwa wamekusanyika pale kuchota mafuta, na wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Si mashindano, lakini hesabu ni ileile: gari likikosea, anayelipa mara nyingi ni aliyekuwa pembeni.

Mehta mwenyewe zamu yake ilifika mwaka 1987. Alikuwa amekwenda Misri kwenye mashindano ya jangwani yanayoitwa Rally ya Mafarao. Huko hakuna lori wala punda, kuna mchanga tu na mawe, na upeo mrefu unaomdanganya shofere kwamba hakuna kitu mbele. Alipata ajali mbaya sana, akaumia vibaya, na kazi yake ya ushofere ikaishia hapo. Alikuwa na miaka 42. Mtu aliyepita kwenye msongamano wa balabala za wazi za Afrika Mashariki miaka 20 bila kuzuiliwa, alikuja kuvunjikia kwenye jangwa tupu.

Wengi baada ya hapo wangefungua duka la vipuri na kusimulia habari za zamani. Yeye aliingia upande wa uongozi. Mwaka 1997 akawa rais wa kamisheni ya ubingwa wa dunia wa rally katika FIA, shirika linaloongoza mchezo wa magari duniani. Kamisheni hiyo ndiyo inayopanga na kupendekeza kanuni, kisha baraza la dunia la FIA linaamua. Mtoto wa Kampala, mkimbizi wa 1972, sasa wazungu wa Paris, wa Turin na wa Helsinki walikuwa wanamletea yeye faili zao.

Na faili gumu kuliko yote lilikuwa la nyumbani. Miaka hiyo ya mwisho wa karne, rally zote zilikuwa zinafupishwa na kufananishwa. Vipande vifupi, vilivyofungwa, vilivyo karibu na mji mmoja, ili ulinzi uwe rahisi, daktari awe karibu, na televisheni ipate picha. Safari peke yake ilikuwa haiingii kwenye sanduku hilo. Ilikuwa imekwisha kupunguzwa, lakini hata mwaka 2002 ilikuwa bado na karibu kilomita 1,000 za kushindana, mara tatu ya rally ya kawaida ya Ulaya, na bado kwenye balabala zenye watu na mifugo. Makampuni yalilalamika juu ya gharama, maana iliwabidi kutengeneza gari la pekee kwa ajili ya Safari tu. Wapenzi wa zamani nao walilalamika kwa upande mwingine: ukiifunga na kuifupisha, umeua Safari, umebakiza jina.

Weka nafsi yako kwenye kiti cha Mehta. Kila kitu alichokuwa nacho, jina lake, heshima yake, hata kile kiti alichokalia, kilitoka kwenye balabala ile ya wazi. Kisha yeye ndiye mkuu wa kamisheni inayohitaji kila rally iwe na kinga sawa. Hakuna jibu ambalo lisingemuumiza. Mwaka 2002 Colin McRae wa Scotland alishinda kwa Ford Focus, na baada ya hapo Safari ikatoka kwenye ratiba ya dunia. Matatizo ya pesa na ya maandalizi ndiyo yaliyosukuma sana, si usalama peke yake. Lakini Afrika ilibaki bila rally ya dunia, na aliyekuwa kwenye kiti alikuwa Mwafrika. Kuna watu Nairobi hawakufurahi. Mimi nadhani mtu mmoja kwenye kamisheni hawezi kulipa deni la serikali wala la wadhamini, na kumbebesha yeye mzigo wote si haki.

Kazi ya kinga iliendelea. Kile kifaa cha kushika kichwa na shingo kisiruke mbele wakati wa kugonga, Formula 1 ilikilazimisha mwaka 2003, na rally ikafuata. Ila kinga haimalizi hatari. Tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 2005, kwenye rally ya Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti upande wa msaidizi wake, Michael Park, na Park akafa. Vipande vilivyobaki vikafutwa. Sébastien Loeb alikuwa anaongoza, na ushindi ungemfanya bingwa wa dunia siku hiyohiyo. Akachukua adhabu ya dakika kwa makusudi ili asishinde, hakutaka ubingwa upatikane juu ya msiba. Baada ya hapo macho yote yakageukia ubavu wa gari, mlango na kiti, sehemu ambazo miaka yote zilikuwa nyuma ya bomba za juu na za mbele.

Mehta hakuishi kuona mengi ya hayo yakikamilika. Alikuwa mgonjwa, na alifariki London tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa Jumatano ya wiki ya Pasaka, wiki ambayo zamani alikuwa anafunga mkanda. Alimwacha mke wake Yvonne, ambaye naye alikuwa mtu wa mchezo. Alikaa naye kwenye gari kama msaidizi katika rally kadhaa za dunia, akimsomea kona.

Safari ilirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, na Ogier akashinda. Ilikuwa na kama kilomita 320 za kushindana, vipande vimefungwa, watazamaji wamewekwa fasi zao, na kituo chake Naivasha. Mawe ni yaleyale na vumbi ni lilelile, wanaoshiriki wanasema ndiyo rally ngumu kuliko zote. Wazee wanasema hiyo si Safari. Mwaka 2018, kabla ya kurudi huko, Carl Tundo wa Kenya alifikisha ushindi wake wa tano, akalingana na Mehta kwa hesabu, ingawa yote matano aliyapata wakati Safari iko nje ya ubingwa wa dunia. Nne mfululizo, bado hakuna aliyezifikia.